Mganga Aliyefungiwa kwa Kufuli

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tanga
Tarehe 14 Mei 2025, kuanzia saa 8:40 mchana

Jina: Ghanima Saud Khalfan
Umri: Miaka 67
Kabila: Mwarabu (shahidi ameomba iongezwe "Mtanga")
Dini: Muislamu
Kazi: Mkulima wa minazi, zamani muuza vitambaa
Makazi: Chumbageni, Tanga
Mwandishi wa maelezo: Koplo Queen

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa na askari huyu kwamba niseme ninayoyajua tu, na kwamba nikidanganya kwa makusudi sheria itanishika hata kwa umri huu. Nimeelewa. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na kiatu kimoja. Cha pili kimebaki hospitalini kwa ajili ya haraka.

Mwanangu Marwan yuko mahabusu, nyuma ya ukuta huu, kwa kosa la kumfungia Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya ndani ya ofisi yake. Ni kweli alimfungia. Sikuja kukanusha. Nimekuja kueleza jinsi ilivyokuwa, ili Mganga Mfawidhi akisomewa aamue kama bado anataka kijana huyu afikishwe mahakamani. Ninalolitaka mimi ni moja tu: Marwan alale nyumbani kwangu leo.

Askari ameniambia nianze mwanzo. Mwanzo ni kifuu.

Mnamo mwezi wa Januari mwaka huu, tarehe siikumbuki, nilikuwa shambani kwangu Kigombe, vibarua wakifua nazi. Nilikanyaga kipande cha kifuu, kikatoboa kandambili, kikaingia unyayoni, mguu wa kulia. Sikuhisi kitu. Nina kisukari cha miaka mingi na nyayo zangu zina ganzi. Nilipofika nyumbani niliona damu sakafuni, nikamgombeza paka, nikidhani kaleta panya ndani. Kumbe damu ni yangu.

Kidonda kilikua. Kufikia Machi kilikuwa na upana wa kikombe cha kahawa, na harufu yake sitaki iandikwe. Wageni walikuja kunitazama kwa adabu zote, kila mmoja akichagua kiti cha karibu na dirisha. Mahali pa kwanza nilipokwenda, ambapo sipataji, niliambiwa mguu ukatwe chini ya goti. Nikasema mguu huu nimezaliwa nao na nitazikwa nao, nikarudi nyumbani. Hayo yalikuwa maneno ya mdomoni. Moyoni niliogopa sana. Nilikuwa nikikaa peke yangu nimeupakata ule mguu, nikiuomba radhi kwa halua zote nilizokula.

Jirani yangu Mastura ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kituo cha afya, kile chenye chumba cha tiba asili. Pale nilimkuta Daktari Manase Shemhilu, Mshambaa wa Lushoto, mtu mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Yeye ndiye Mganga Mfawidhi, maana yake mkuu wa kituo chote. Cheo chake kimeandikwa mlangoni kwenye kibao cha buluu kwa herufi kubwa: MGANGA MFAWIDHI. Namwomba askari akiandike kibao hicho vizuri, kwa sababu ndicho kilichotufikisha hapa.

Daktari Manase alikitazama kidonda kwa muda mrefu. Akasema, "Mama, tutakata kama itabidi. Kwanza nipe wiki tatu. Lakini utanitii." Nikamwambia marehemu mume wangu aliomba hivyo hivyo asipate. Hakucheka. Akaandika dawa za kuua vijidudu, akaandika sindano za sukari asubuhi na jioni, akaikata ile nyama iliyokufa, akanikataza kukanyaga chini kwa mguu huo. Kisha akamwita mzee mmoja kutoka chumba cha pili.

Mzee huyo ni Uweso, Mbondei wa Muheza, mganga wa tiba asili aliyesajiliwa na serikali. Amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, miwani, na kalamu mbili mfukoni. Usiyemjua ungemdhania daktari bingwa. Aliingia na chupa ya asali ya mikoko. Nilipoiona nilicheka na kukasirika kwa pamoja. Nikasema, "Sukari ndiyo iliyoniozesha mguu, nanyi mnanipaka asali? Si mnipake halua kabisa tujue moja?"

Mzee Uweso akajibu, "Bi Ghanima, mguu haunywi chai."

Daktari Manase ndiye aliyenifafanulia. Asali ile hupakwa juu ya kidonda na hailambwi. Imepelekwa maabara ikapimwa na kusafishwa, na huko nje kuna hospitali zinazoitumia kwa vidonda visivyotaka kupona. Lakini bila sindano za sukari, alisema, ni sawa na kudeki nyumba ambayo paa linavuja. Muuguzi anayenifunga kidonda ni Sista Anastazia. Kila anapomaliza hunikagua midomo, ati aone kama imeng'aa kwa asali. Namsamehe.

Nataka ijulikane kwamba waganga hawa wawili hawakupendana toka mwanzo. Chumba cha tiba asili kilipofunguliwa, Daktari Manase alikuwa akipita mlangoni pale bila kugeuza shingo. Mzee Uweso naye alikuwa akisema vidonge vyote ni chokaa. Kisha mzee akaleta dawa zake zipimwe, na maabara ikasema unga mmoja unadhuru figo. Ulikuwa unga wa babu yake. Mzee Uweso alinuna, akaacha hata kunywa chai na wenzake, halafu siku moja akauchukua mtungi wote akaumwaga shimoni kwa mkono wake. Daktari Manase alikuwa amesimama pale. Tangu siku ile anamwamkia shikamoo kabla ya mtu yeyote. (Hapa askari amenikumbusha niseme niliyoyashuhudia, siyo niliyoyasikia. Haya nimeyasikia kwa Sista Anastazia, lakini masikio ni yangu.)

Niliyoyaona kwa macho ni haya. Wiki tatu zilipita na mguu haukukatwa. Zikapita nyingine. Nyama mpya ikaota, nyekundu, safi. Kufikia wiki iliyopita kidonda kilikuwa kimebaki kama kifungo cha shati. Askari ameniuliza aliyeniponya ni mganga yupi. Andika wote wawili, na usiweke mkato katikati.

Sasa nimweleze Marwan.

Marwan ni kitindamimba wangu. Baba yake alifariki Marwan akiwa na miaka minne, nikabaki na watoto watatu na duka la kulisimamia peke yangu. Dada yangu Buthaina wa Mombasa hakujaaliwa mtoto. Nikampa Marwan amlee. Amekulia huko, amesoma huko, ameoa huko, ana duka la vipuri vya magari. Ni kijana mwema, huja Idi akakaa kidogo akaondoka. Dada yangu humwita "Mama". Mimi huniita "Mama wa Tanga".

Sina lawama. Aliyelea ndiye mama, na Buthaina amelea vizuri. Lakini kila nikiitwa hivyo hujihisi kama basi, natambuliwa kwa ninapotoka. Sijawahi kumwambia. Namwambia leo kupitia serikali.

Siku ya Jumatatu, tarehe 12 Mei, nilimpigia simu kumpa habari njema. Nilimwambia hivi: "Marwan, nimepata mganga mzuri. Ananiganga mguu, wananipaka asali ya mikoko, na mganga mwenyewe kasema mguu haukatwi tena." Nikaita halo, halo, nikidhani salio langu limekwisha. Kisha akauliza, "Mganga?" Nikasema, "Mganga mwenyewe, mkubwa wao." Akasema sawa, Mama wa Tanga, akakata simu.

Askari wa huku hahitaji kuelezwa, lakini hakimu asije akatoka kwingine. Kwetu mganga ni mganga. Wa hospitali ni mganga, wa mizizi ni mganga, na wa mkoa mzima ni Mganga Mkuu, ana gari la serikali na dereva. Ukishavuka mpaka pale Horohoro, neno ni hilo hilo lakini limebadili nguo. Kule Mombasa wa hospitali ni daktari, na mganga ni mtu wa hirizi na kuku mweusi. Sasa mwanangu ambaye hajaishi Tanga toka utotoni anasikia mama yake, mguu umeoza, yuko kwa mkubwa wa waganga anapakwa asali. Mimi nilisema kweli tupu. Kweli hiyo ndiyo iliyompandisha kwenye gari.

Mnamo tarehe 14 Mei 2025, siku ya Jumatano, majira ya saa 4 asubuhi, nilikuwa chumba cha kufungia vidonda pale kituo cha afya. Mguu ulikuwa juu ya stuli na Sista Anastazia alikuwa akinisafisha kwa kibano. Mlango ulikuwa wazi. Ng'ambo ya ukumbi ndiyo ofisi ya Mganga Mfawidhi, nayo ilikuwa wazi kwa sababu feni yake ni mbovu. Mzee Uweso alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini. Kwa hiyo niliyaona na kuyasikia yote.

Nilisikia sauti kabla sijaona mtu. Sauti ilisema, "Salaam aleikum, daktari. Namtafuta mamangu. Aitwa Ghanima."

Nilishtuka. Sauti niliijua, neno sikulijua. Neno hilo nitalirudia mbele.

Mzee Uweso aliitikia salamu. Kuitwa daktari hakukumsumbua, kwa kuwa watu humwita hivyo kutwa kwa sababu ya koti, na akianza kusahihisha hatafanya kazi nyingine. Akasema, "Mama yako anaendelea vizuri, mwanangu. Umkazanie tu asiache sindano. Mambo ya miti peke yake yasingetufikisha mbali."

Marwan alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Allah akuzidishie, daktari. Waonekana mtu wa elimu. Sasa niambie kweli. Nasikia humu ndani muna mganga?"

Mzee Uweso akasema, "Yupo. Mlango ule, umeandikwa."

Nilitaka kumwita Marwan, lakini Sista Anastazia alinikaza goti akasema nisitikisike. Nikaona mwanangu anasimama mbele ya kile kibao, anakisoma kwa midomo, herufi kwa herufi, kama mtu asiyeamini macho yake.

Siku hiyo Daktari Manase alikuwa amevua koti lake jeupe kwa sababu ya joto, amebaki na shati la kitenge. Mezani alikuwa na mizizi, magome na chupa, vitu alivyoletewa na Mzee Uweso vipelekwe maabara. Aliyeingia pale bila kujua angesema amefika kwa mpiga ramli.

Niliyasikia maneno yao, nayo ni haya.

Marwan: "Wewe ndiwe mganga?"

Daktari Manase: "Ndimi. Karibu ukae."

Marwan: "Wakiri?"

Daktari Manase: "Nikiri nini? Si umesoma mlangoni?"

Marwan: "Wamganga bi mkubwa aitwa Ghanima?"

Daktari Manase: "Huyo namganga mimi mwenyewe. Wewe ni nani wake?"

Marwan alitoka kinyumenyume. Kitasa cha mlango ule kilikufa siku nyingi, wanatumia kufuli, nalo huning'inia pale pale na ufunguo wake. Marwan aliuvuta mlango, akabana kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Akatoa simu akapiga namba ya polisi iliyobandikwa ukutani. Nilimsikia akisema, "Nimemkamata mganga ndani ya hospitali ya serikali. Njooni upesi kabla hajajigeuza." Kisha akavuta kiti akakaa mbele ya mlango, mikono kifuani, kama mlinzi wa benki.

Daktari Manase aligonga. Alisema, "Fungua! Nina wagonjwa!"

Marwan akasema, "Wagonjwa wako leo wapumzike nawe."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Daktari Manase aligonga mpaka akachoka, kisha sikumsikia tena. Nilikuja kuambiwa na Sista Anastazia, aliyechungulia nje, kwamba amefungua dirisha na wagonjwa wamezunguka upande wa uani wakapanga foleni. Alikuwa akiwasikiliza kupitia kwenye nondo na kuwapitishia karatasi za dawa. Bibi mmoja alisema hajawahi kuhudumiwa haraka namna ile, na kama wataona inafaa mganga afungiwe kila Jumatano.

Mimi niliita, "Marwan!" kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nilipofunga duka. Akaja mbio. Alikuwa amejifunga leso puani, amejiandaa kukuta uozo. Akapiga magoti mbele ya ile stuli, akatazama. Sista Anastazia alikuwa hajafunga bado.

Akauliza, "Ni hiki tu?"

Nikasema, "Ni hicho."

"Kilikuwa kadiri gani?"

Sista Anastazia akamwonyesha kwa vidole, duara la kikombe cha kahawa. Marwan akaivua leso puani. Akanishika kifundo cha mguu, akainamisha kichwa, akalia. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, ana ndevu. Unyayoni sihisi kitu, lakini kifundoni nahisi, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Askari ameniuliza kama wakati huo niliogopa. Niliogopa kidogo, kwa ajili ya daktari. Nilifurahi sana. Iandikwe hivyo hivyo, hata kama haimsaidii mtuhumiwa. Nilimtoa mtoto huyu mikononi mwangu akiwa hajajua kufunga vifungo vyake, na nimeishi miaka yote nikijua kwamba sina haki ya kumdai kitu. Leo amevuka mpaka na kumtia ndani mkubwa wa hospitali kwa ajili yangu. Alikosea mtu na hakukosea sababu.

Kisha akasema, "Mamangu, usiogope. Nimemkamata."

Nikauliza, "Umemkamata nani?"

"Yule mganga aliyekutia asali."

Sista Anastazia alicheka mpaka kibano kikaanguka, ikabidi akachukue kingine kisafi. Mimi nilimweleza mwanangu kwamba aliyemfungia ni daktari. Hakusadiki. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Washakufunga akili, mamangu," akarudi kwenye kiti chake.

Mzee Uweso alikuwa amekwenda kunywa chai. Aliporudi alikuta foleni uani na mlinzi mpya mlangoni. Akasema, "Mwanangu, nipe ufunguo."

Marwan akamwambia, "Daktari, kaa mbali. Huyu mtu ni hatari."

"Mimi si daktari."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mganga. Wa miti."

Marwan alilitazama lile koti jeupe kuanzia kola hadi chini. Akakitazama kibao cha mlangoni. Akauliza, "Na huyu wa ndani?"

Mzee Uweso akasema, "Naye ni mganga. Ila yeye ni daktari."

"Nyote ni waganga?"

"Sote."

"Na ile asali?"

"Ya kwangu. Na sindano za kwake. Mimi ndimi mganga wa asali na yeye ndiye mganga aliyekataa mguu ukatwe, au niseme daktari ndiye... Nipe ufunguo, mwanangu, nami nishachanganyikiwa."

Hapo Marwan aliinuka. Uso ulimshuka, nikamwonea huruma. Akatoa ufunguo, lakini hakumpa mzee. Alifungua yeye mwenyewe. Namwomba askari apigie mstari: alifungua mwenyewe, polisi hawajafika, hakushurutishwa na mtu.

Daktari Manase alitoka amelowa jasho, shati limemganda mgongoni. Marwan akasema, "Daktari, niwie radhi." Daktari Manase akasema, "Huku naitwa Mganga," akapita.

Askari wawili walifika wakati huo kwa pikipiki. Mmoja akauliza, "Mganga yuko wapi?" Watu wawili wakainua mikono. Akauliza, "Aliyepiga simu ni nani?" Marwan akasema, "Ni mimi." Basi akatiwa pingu yeye. Mwizi wa kuku ana akili kuliko mwanangu, angalau huwa hawaiti askari mwenyewe.

Daktari Manase amekasirika na ana haki. Nilimsikia akimwambia askari, "Nimehangaika kukitetea chumba kile, kwa wakubwa na kwa wadogo, nikiambiwa nimegeuka mshirikina. Leo nafungiwa kwa sababu yake." Sauti yake ilitetemeka. Mtu mkavu akitetemeka inauma zaidi.

Kwa hiyo haya nayasema kwake, naye atasomewa. Daktari, aliyekufungia hakukudharau. Hata jina lako hakulijua. Alisoma neno mlangoni, na neno lile kule alikokulia linamaanisha mtu wa kuua mama za watu. Wewe mwenyewe ulipita mlango wa Mzee Uweso siku ngapi bila kugeuza shingo, kwa neno hilo hilo? Kisha uligeuka. Mwanangu amegeuka ndani ya asubuhi moja. Mpe nafasi kama uliyoupa mguu wangu. Ulisema kukata tutakata kama itabidi. Haijabidi.

Nimesomewa maelezo yangu na nimeyasahihisha. Askari alikuwa ameandika kwamba mtuhumiwa alifika kituo cha afya "kumtafuta mgonjwa wake". Nimekataa. Hakusema mgonjwa wake. Askari akaandika "kumtafuta mama yake mzazi, mkazi wa Tanga". Hilo nimelikataa zaidi. Alisema "mamangu". Hakuweka Tanga nyuma yake. Nililisikia kwa masikio yangu mara tatu, na Sista Anastazia ni shahidi. Liandikwe kama lilivyotoka.

Haya ndiyo maelezo yangu, yametoka kinywani mwangu mwenyewe. Chumvi sikuyatia, na sukari nimekatazwa.

Sahihi ya shahidi: Ghanima Saud (ametia kwa herufi za Kiarabu)

UTHIBITISHO WA MWANDISHI

Mimi Koplo Queen nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatoa, na nikamsomea. Amesahihisha mara nne. Neno "mamangu" nimeliacha.

Mlalamikaji, Dk. Manase Shemhilu, Mganga Mfawidhi, amefika kituoni saa 10:30 jioni akifuatana na Bw. Uweso. Amesomewa maelezo haya yote. Sehemu iliyomhusu yeye na Bw. Uweso aliomba isomwe tena. Baada ya hapo ametamka kwamba anaondoa lalamiko, kwa sharti moja: mtuhumiwa asirudi Mombasa mpaka amejifunza kukisafisha na kukifunga kidonda cha shahidi, na afundishwe na Bw. Uweso, naye Mganga Mfawidhi akague. Mtuhumiwa amekubali. Kufuli na ufunguo vimerudishwa kwa mwenyewe.

Mtuhumiwa ameonywa na kuachiwa saa 11:15 jioni. Kwa kuwa shahidi ana kiatu kimoja na mganga amekataza mguu wa kulia usikanyage chini, mtuhumiwa ametoka kituoni amembeba mamake mgongoni.